Jeraha na Kidonda

Bila shaka umepata kuanguka ukachubuka goti. Mama akitazama husema, "Una kidonda." Muuguzi wa zahanati huandika katika daftari lake, "Jeraha." Je, maneno haya yana maana moja?

Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho matupu. Seli za namna moja zikiungana kufanya kazi moja huitwa tishu. Tishu ikikatwa, ikichanwa, ikipondwa au ikiungua, mahali hapo pana jeraha.

Neno jeraha limetoka katika Kiarabu. Asili yake ni herufi tatu, jimu, ra na ha, zenye maana ya kuumiza mwili kwa kuukata. Kutokana na asili hiyohiyo Waarabu humwita daktari mpasuaji jarrah, kwa kuwa naye hukata tishu, ingawa yeye hukata ili aponye. Sisi tumepata pia neno majeruhi. Angalia usichanganye: majeraha yapo mwilini, bali majeruhi ni mtu mwenyewe aliyeumia.

Kidonda ni neno la Kibantu. Wakikuyu husema kironda, nao Wazulu, walio mbali kule Afrika Kusini, husema isilonda. Katika utabibu, kidonda ni mahali ambapo tishu ya juu imekufa ikatoka, pakabaki shimo wazi lisilofunga upesi. Jeraha hutokea kwa nukta moja. Kidonda huweza kukaa miezi.

Jeraha hugeukaje kidonda? Likiingia uchafu, bakteria huzaana ndani yake. Seli nyeupe za damu huja kupambana nao, na mabaki ya seli na bakteria waliokufa ndiyo usaha. Tishu za kandokando nazo zikianza kufa, shimo hupanuka. Donda ndugu, ambalo aghalabu hushika mguu chini ya goti, huweza kuchimba hata kufikia mfupa.

Lakini si kila kidonda huanza na jeraha. Vidonda vya tumbo hutokea ndani, pasipofika kisu wala mwiba. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba huletwa na wasiwasi na asidi nyingi. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria waliotoka katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akaugua tumbo. (Wewe usijaribu!) Leo vidonda vingi vya namna hiyo hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Sasa turudi kwenye goti lako. Lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha lifunge kwa kitambaa safi. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Likivimba, likiwa na joto au likitoa usaha, nenda zahanati siku hiyohiyo. Likipona vema litafunikwa kwa tishu mpya. Jeraha likiwa limekwenda chini sana, tishu hiyo hubaki kuwa kovu.

Tafuta kovu la zamani mwilini mwako, ulitazame kwa lenzi. Je, vinyweleo vimeota juu yake?