Ilhan Omar: Kiti Kilichoandaliwa Katika Mikutano ya Mtaa

Kwa familia nyingi za Kiislamu, jina la Bi. Ilhan Omar lilianza kusikika Januari 2019, alipoingia katika Bunge la Marekani akiwa amejistiri kwa hijabu. Picha ya siku ile ilienea duniani. Waliosahaulika ni watu na miaka iliyomfikisha hapo: babu aliyemshika mkono, mikutano ya chama mtaani, na kiti kidogo cha Bunge la jimbo la Minnesota alichokalia kwa miaka miwili.

Bi. Ilhan alizaliwa Mogadishu mwaka 1982, akiwa wa mwisho kati ya ndugu saba. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, hivyo malezi yakawa mikononi mwa baba na babu. Vita vilipoiangusha serikali ya Somalia mwaka 1991, familia ilikimbilia Kenya na kukaa kambini miaka minne. Mwaka 1995 walipokewa Marekani, na miaka miwili baadaye wakahamia Minneapolis, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali.

Babu yake alivutiwa na jambo moja katika nchi ile mpya: kwamba raia wa kawaida aweza kuhudhuria mkutano wa chama katika mtaa wake na sauti yake ikahesabiwa. Kwa kuwa Kiingereza chake hakikutosha, alimchukua mjukuu wake wa miaka 14 awe mkalimani. Binti alikwenda kumtafsiria mzee maneno ya wengine. Huko huko akajifunza jinsi maneno yanavyogeuka kuwa kura.

Mafunzo hayo yalichukua muda kuzaa matunda. Mwaka 2011 alihitimu Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota. Mwaka 2013 alisimamia kampeni ya Andrew Johnson, aliyeshinda udiwani wa Minneapolis, kisha akawa msaidizi wake mwandamizi. Kabla ya kuomba kura kwa jina lake, alikuwa amekwisha kuomba kura kwa jina la mwingine.

Jaribio zito lilikuja Februari 2014. Mkutano wa chama katika mtaa wa Cedar-Riverside, wanakoishi Wasomali wengi, uliingia vurugu, na Bi. Ilhan akapigwa na kuumizwa. Ushindani wa wakati huo ulikuwa kati ya Bi. Phyllis Kahn, mwenye kiti cha eneo la 60B aliyekuwa katika Bunge la jimbo tangu uchaguzi wa 1972, na Bw. Mohamud Noor, Msomali aliyetaka kumwondoa. Katika mchujo wa Agosti mwaka huo, Bi. Kahn alishinda.

Wengi wangeona kipigo kile kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Yeye alirudi mwaka 2016 akiwa mgombea. Bw. Noor naye alirudi, na jamii ikaingiwa na hofu ya haki: je, Wasomali wawili hawatagawana kura na kumwachia ushindi mwenye kiti? Bi. Ilhan hakuwategemea Wasomali peke yao. Eneo lile lina pia maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, naye aliwafikia vijana hao pamoja na wakazi wengine. Tarehe 9 Agosti alipata takriban asilimia 41. Wapinzani wake kila mmoja alibaki chini ya asilimia 30. Katika uchaguzi mkuu wa Novemba, mpinzani wake wa chama cha Republican alikuwa amekwisha kusimamisha kampeni, naye akashinda kwa takriban asilimia 80. Akawa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo nchini Marekani.

Bungeni alikuta chama chake kikiwa upande wa wachache. Alichaguliwa kuwa mmoja wa viongozi wasaidizi wa upande huo, lakini mwenye kura chache hupitisha machache. Mwaka 2018 Bw. Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alipoacha kiti chake, Bi. Ilhan aliomba nafasi hiyo na kushinda. Yeye na Bi. Rashida Tlaib wakawa wanawake wa kwanza wa Kiislamu katika Bunge hilo, na kanuni ya miaka 181 iliyokataza kofia ukumbini ikarekebishwa ili kuruhusu mavazi ya dini.

Uadilifu unatutaka tutaje na upande wa pili. Juni 2019 bodi ya Minnesota inayosimamia fedha za kampeni iliamua kwamba baadhi ya fedha za kampeni yake ya jimbo zilitumika kinyume cha sheria. Aliagizwa kurejesha karibu dola 3,500 na kulipa faini ya dola 500. Kwa Mwislamu, wadogo wa kiasi hauifuti amana. Kuwa wa kwanza ni heshima, na heshima hiyo huja na hesabu yake.

Na kile kiti cha 60B? Kilichukuliwa na Bw. Mohamud Noor, yule yule aliyeshindwa mwaka 2014 na tena 2016. Kushindwa mara mbili hakukumfanya aisuse jamii yake, na kushindana kwa ndugu wawili hakukuipotezea jamii nafasi.

Wazazi wana la kuchukua hapa. Mtoto anayefuatana na mkubwa wake kwenye kikao cha msikiti, cha shule au cha mtaa huona jinsi mambo ya watu yanavyoamuliwa. Siku ya kuapishwa Bungeni, Bi. Ilhan aliweka mkono juu ya Msahafu uliokuwa wa babu yake. Mzee aliyehitaji mkalimani alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.