BEI YA DAFTARI ISIYOONEKANA KUPANDA

Mzazi anunuaye daftari kwa bei ya mwaka jana hudhani kwamba halikupanda bei. Yafaa ahesabu kurasa. Daftari la kurasa 96 likifanywa la kurasa 80, na shilingi zikawa zile zile, bei ya kila ukurasa imepanda kwa sehemu moja ya tano. (Wauza mikate nao waijua hila hiyo.)

Kwa hiyo makarani waandikao bei madukani kila mwezi kwa ajili ya Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya haiwatoshi kuandika "daftari" tu. Hawana budi kufuata kitu cha namna moja, chenye kurasa zile zile. Katika hesabu iliyoanza kutumika mwaka 2020, bei za Februari 2019 zilifanywa kuwa 100. Kitu kilichofika 110 kilikuwa kimepanda kwa kumi katika mia.

Lakini vitu havipewi uzito sawa. Chakula huchukua fungu kubwa la matumizi ya watu. Vitabu na kalamu, fungu dogo. Ndiyo maana madaftari yaweza kupanda sana shule zifunguliwapo, na jumla ya nchi isitikisike, ilhali mwenye watoto wanne shuleni ameishiwa.