Kupe wa Equatoria Katika Jumba la Makumbusho

Jina la Malakia, mtaa mkongwe wa mji wa Juba, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mambo ya kiraia, si ya kijeshi. Hata hivyo, yuko adui asiyebagua raia wala askari, naye ni kupe. Humganda mbuzi wa Malakia kama amgandavyo askari wa doria porini.

Tumemjuaje adui huyu? Kwa sehemu kubwa ni kwa kazi ya Harry Hoogstraal, mtaalamu wa kituo cha utafiti wa tiba cha jeshi la wanamaji la Marekani kilichokuwa Cairo. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 juu ya kupe wa Sudan, hususan wa mkoa wa Equatoria. Mkusanyo wake wa viumbe hao wasio na uti wa mgongo uliingia katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani. Tangu mwaka 1990 hazina hiyo, pamoja na mikusanyo mingine, imekuwa ikitunzwa katika chuo kikuu cha Georgia Southern, nayo ina vielelezo zaidi ya milioni moja.

Huenda msomaji akauliza: kupe aliyekufa, akatiwa katika chupa ya spiriti, ana faida gani? Polisi atajibu upesi. Kidhibiti kisichojulikana kilipatikana wapi, lini na kwa mkono wa nani, hakina nguvu mahakamani. Kupe naye thamani yake imo katika kijikaratasi cha chupani: mahali, tarehe, na mnyama aliyekuwa amemganda. Kwa ushahidi huo mtaalamu humlinganisha kupe wa leo na wa zamani, akatambua kama ni mwenyeji au ni mgeni aliyehamia pamoja na ng'ombe.

Askari wanayo sababu ya kulijali jambo hili. Mwaka 1944, huko Crimea, askari wa Kisovieti wapatao 200 walishikwa na homa ya kutoka damu. Mwaka 1956 virusi vya homa ya namna hiyo vilipatikana Kongo, na mwaka 1969 ikathibitika kwamba maradhi hayo ni mamoja. Huenezwa hasa na kupe wa jamii ya Hyalomma, na pia kwa damu ya mnyama au mgonjwa aliyeambukizwa.

Basi, ndugu askari, tutokapo porini hatuna budi kukaguana miili. Kupe tusimpasue kwa vidole, bali tumshike kwa kibano karibu na ngozi, tumng'oe taratibu. Homa ikifuata, tumweleze daktari mahali na siku tulipoumwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyompa kupe wa Equatoria hadhi ya ushahidi.