Kilo moja ya dagaa, samaki 3,500

Sokoni Buguruni, Dar es Salaam, dagaa wa Mwanza hupimwa kwa kopo, kwa sado au kwa kilo, na kila bei ikipanda mnunuzi humtazama muuzaji kwa jicho baya. Nusu ya maelezo iko kwenye mwili wa samaki mwenyewe. Dagaa huyu, Rastrineobola argentea, ni ndugu wa kapi, samaki wa maji baridi anayefugwa kutoka China hadi Ulaya na anayeweza kupita kilo 40. Yeye hafiki hata sentimita 10. Mwenye sentimita 5 ana gramu 1 hivi.

Akianikwa, kilo 3 hadi 4 za wabichi hubaki kilo 1. Kwa hiyo kilo ya Buguruni ilikuwa samaki wapatao 3,500, na bei ya kilo ya wabichi ikipanda shilingi 100 kule mwaloni, kilo ya wakavu imeshapanda 350 kabla gunia halijapakiwa. Hapo bado safari ya zaidi ya kilomita 1,100, ushuru, wabebaji na faida ya kila mkono.

Hata hivyo si ghali kama anavyosemwa. Kilo ya dagaa wakavu ina protini karibu gramu 600. Minofu ya samaki mbichi ina gramu 180 hadi 200 kwa kilo, lakini sato mzima ukimtoa kichwa, magamba, matumbo na miiba, hubaki nusu tu au pungufu. Yaani kilo ya dagaa ni kama kilo 6 za sato mzima. Gawanya bei kwa 6 kwanza, ndipo ulalamike. Sharti wawe safi: tuseme kilo ni shilingi 10,000 na ndani mna gramu 100 za mchanga, basi umelipa 1,000 kwa mchanga wa Ziwa Victoria, nauli ikiwemo.

Ziwa lote hutoa takriban tani milioni 1 za samaki kwa mwaka, na karibu nusu au zaidi ni dagaa. Kwa gramu moja moja, hao ni samaki bilioni 500. Wanawezaje? Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka na hutaga humo humo ziwani. Ndugu yake mkubwa, ningu, Labeo victorianus, hana bahati hiyo: mvua zikianza hupanda mitoni kutaga, na wavuvi humngoja mlangoni mwa mto akiwa na mayai tumboni. Nyavu za makila za kisasa ziliingia ziwani mwaka 1905. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Ndiyo maana Buguruni hatumjui.

Mnunuzi wa dagaa naye ana mshindani asiyepika. Wale walioloa mvua wakiwa wameanikwa, au waliojaa mchanga, huishia kwenye chakula cha kuku, na viwanda vya chakula hicho hununua kwa tani, masika na kiangazi. Mama lishe anayenunua sado moja anashindania bei na banda la kuku wa mayai.