Tendo Kwanza, Istilahi Baadaye

Mwaka 1991, katika kambi ya Selfridge jimboni Michigan, Marekani, ulianzishwa mpango wa kuwafunza watoto wa shule sayansi na teknolojia kwa vitendo. Mpango huo, uitwao STARBASE, umeenea katika kambi nyingi nchini humo. Wanafunzi, wengi wao wa darasa la tano, hupata saa 25 za mafunzo.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto huvutwa jeshini kabla hajajua maana ya vita. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mimi mwanaisimu navutiwa na jambo jingine. Mtoto hupewa yai, akatakiwa kulikinga ndani ya kigari kitakachogonga kizuizi. Likivunjika, ameishuhudia kanuni ya kwanza ya Newton kabla ya kuikariri: kigari kimesimama, yai limeendelea na mwendo. Istilahi ikija baadaye, itapata pa kukaa.

Mwalimu mwenzangu, yai na kigari cha mbao havihitaji kambi ya jeshi. Tukizidi kukaririsha istilahi pasipo tendo, tutakuwa tumewapa wanafunzi wetu ala isiyo na kisu.