Mizani ya Kumpimia Hakimu

Mama anunuaye samaki sokoni Mocímboa da Praia hamshtaki mvuvi ili ajue kama samaki ni wabichi. Huwatazama macho na mashavu. Akitia shaka, huwaacha. Lakini mama mwenye busara hamwepuki mvuvi kwa sababu tu mshindani wake amenong'ona kuwa samaki wameoza. Hutazama mwenyewe.

Mizani hiyo yamfaa pia mtu anayependekezwa kuwa hakimu. Mwaka 1977, Msumbiji ilipochagua mabaraza ya wananchi, majina ya wagombea yalisomwa hadharani na kila mtu akaruhusiwa kusema alijualo. Sheria Na. 12 ya 1978 ikaleta mahakama za wananchi, zenye mahakimu waliochaguliwa. Faida ilikuwa kubwa, kwani jirani hujua mengi yasiyoandikwa katika faili. Hatari nayo ilikuwapo: ugomvi wa shamba waweza kuvaa vazi la uzalendo.

Hatari hiyo ilizidi baada ya Oktoba 5, 2017, Mocímboa iliposhambuliwa. Palipo na vita, neno moja kwamba fulani huwalisha waasi latosha kumwangamiza mtu.

Basi ushahidi uwe wa kiasi gani? Katika jinai, mshtakiwa hutiwa hatiani pasipo shaka ya maana, kwa kuwa atanyang'anywa uhuru wake. Anayependekezwa hukosa cheo tu, na cheo si haki ya kuzaliwa. Kudai ushahidi wa jinai ni kumfungulia mlango mla rushwa mwerevu. Yatosha tuhuma ielekee kuwa kweli kuliko uongo. Na kadiri ilivyo nzito, ushahidi uwe wazi zaidi. Tena mshtaki ajulikane kwa wachunguzi, na mtuhumiwa aelezwe shutuma na kusikilizwa.

Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi ya Kenya iliwaona majaji wanne wa Mahakama ya Rufani kuwa hawafai. Haikungoja hukumu ya jinai, lakini iliwahoji kwanza.

Askari wa doria huielewa kanuni hii. Hafyatui risasi kwa tetesi, wala hangoji apigwe ndipo aamini kuwa adui yupo. Husogea, hutazama, huuliza, kisha huamua. Mjane atakayedai shamba la marehemu mumewe mbele ya hakimu huyo anastahili uangalifu kama huo.