Vyombo vya kale: Pamba kabati, usimpakulie mtoto

Huenda sebuleni mwako mna kabati lenye sahani za maua na bilauri zinazolingana nazo, vyombo vinavyoshuka siku ya wageni tu. Pengine ulivirithi kutoka kwa nyanya huko Kitui, au unavinunua kimoja kimoja sokoni hadi seti itimie. Ni uraibu mzuri, na wako watu wengi ng'ambo wanaokusanya vyombo vya aina hiyo, hasa vilivyotengenezwa Marekani zamani. Lakini kabla ya kupakua, jiulize: je, chombo hiki kina risasi?

Sizungumzii risasi ya bunduki, bali madini yenyewe. Viwanda vingi viliyachanganya katika utando unaoifanya sahani ing'ae, na katika rangi za maua. Bilauri za kristali nazo zilitiwa risasi ili zimetemete. Kristali kamili ya jadi huwa na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24. Hata urani ilitumika. Sahani nyekundu za Fiesta, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1936, zilipata rangi yake kutokana na madini hayo.

Risasi hufikaje tumboni? Huvutwa na vyakula vichachu. Hapa Ukambani tunapenda uji wa ukwaju, maembe na ndimu. Vyakula hivyo vikiwa moto, au vikilala chomboni usiku kucha, asidi yake huitoa risasi kidogo kidogo. Chombo chenye nyufa au maua yaliyofifia huweza kutoa zaidi. Si kila sahani kuukuu ina risasi, lakini kwa macho huwezi kujua, na kuosha hakuiondoi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo akiimeza huweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ubongo wake ndio huumia, masomo yakamlemea, na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote mapema. Kwa mtu mzima risasi hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Tena hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama akishika mimba huweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

Je, uvitupe? La hasha! Viache vipambe nyumba. Ila usivitumie kuweka akiba ya chakula wala kukipasha moto. Uji wa ukwaju na sharubati tia katika vyombo vya glasi ya kawaida isiyo na maua, au vya chuma kisichoshika kutu, hasa kwa watoto na mama wajawazito.

Ikiwa mtoto wako amekuwa akitumia vyombo hivyo kila siku, mpeleke kwa daktari, umweleze, na uulizie kipimo cha risasi katika damu. Usingoje augue. Kinga ni bora kuliko tiba.